Nimesoma, Nimekubali

Kitu cha kwanza Ndaya alichokiona aliporudi nyumbani kwake ni nguo zake mwenyewe, zimefuliwa, zinakauka kwenye kamba.

Alikuwa ameshuka kwenye pikipiki ya kukodi, mfuko mmoja mkononi, vumbi la safari ya siku mbili kutoka Sandoa limemkaa hadi kwenye kope. Akasimama hapo uani akiziangalia. Zilikuwa zile kubwa: kitenge cha samaki wa bluu, blauzi ya harusi ya mdogo wake, na lile gauni la kijani alilovaa siku alipopimwa kwenye kliniki ya Lubumbashi, mzani ukasema kilo mia moja thelathini na nane. Tangu alipokatwa tumbo ili akonde, hakuna hata moja iliyomkaa. Alizifunga ndani ya gunia na kuziweka juu ya kabati. Nguo za gunia hazifuliwi. Zinazofuliwa ni nguo zinazovaliwa.

Mlango ukafunguka. Akatoka mwanamke kijana, mnene, uso wa mviringo, amevaa gauni la maua mekundu. Hilo nalo lilitoka kwenye gunia.

"Jambo, mama. Unatafuta nani?"

"Natafuta mwenyewe wa hii nyumba."

"Ni hapa. Bwana hayiko, lakini mi niko. Mi njo muke yake."

"Muke yake nani?"

"Ndaya. Ndaya Kisimba," yule kijana alisema haraka, kama mtoto anayetoa somo la kukariri, huku macho yake yakitafuta kama mgeni ana karatasi za kampuni mkononi.

Ndaya Kisimba mwenyewe ndiye aliyekuwa amesimama uani. Aliogopa ule ugonjwa wa miguu umerudi. Akashika ukuta. Ukuta ulikuwa umeandikwa kwa rangi nyekundu, namba 217, tarakimu kubwa kama za mbavuni mwa ng'ombe wa kuuzwa. Nyumba zote za mtaa ule wa Dilala zilikuwa na namba. Zile ambazo namba zao zilikwisha kuitwa zilikuwa zimebaki matofali tu.

Nyuma ya nyumba akatokea Mama Mwadi, mama mkwe wake, na ungo wa unga mikononi. Akamwangalia mgeni kuanzia miguu hadi kichwa, kichwa chenye nywele chache kama za mtoto mchanga.

"Mignonne," alimwambia yule kijana, "ingia ndani."

"Mama, huyu mama anaulizaka..."

"Nilisema ingia."

Mlango ulipofungwa, mama mkwe aliweka ungo chini. Hakutoa mkono.

"Kumbe uko muzima," alisema. Hakusema kama mtu aliyefurahi, wala kama aliyehuzunika. Alisema kama mtu aliyekuta duka limefungwa. "Ungojee Badibanga. Yeye njo atakuambia."

*

Badibanga, mume wake, alirudi saa tisa za mchana, kwa miguu. Zamani, depo alilofanyia kazi liliponunua mawe ya kobalti kwa wachimbaji, alikuwa anarudi na gari. Halafu bei ikaanguka. Wenye depo walifunga mizani yao bila kuaga. Kisha askari wakaja kuwafukuza wachimbaji kwenye mashimo, na baada ya wachimbaji ikawa zamu ya mtaa, maana kampuni mpya ya mgodi iligundua kwamba mawe mazuri zaidi yako chini ya vyoo na vitanda vya watu. Kila kaya iliyoandikwa itapata nyumba mpya, mbali, kwenye barabara ya kwenda Kasaji. Isiyoandikwa itapata upepo.

Alipomwona mke wake, kitu cha kwanza alichoangalia ni miguu.

"Unatembea."

"Natembea, tata."

"Nani alikutengeneza?"

"Huulize kama nilifika salama?"

Badibanga alimshika mkono na kumpeleka nyuma ya choo, mahali majirani wasipoona. Aliongea kwa sauti ya chini, sauti ya upole aliyokuwa nayo pia siku ile kwenye kliniki.

"Huyu mutoto ni nani, Badibanga?" Ndaya alimuuliza.

"Ni wa ndugu ya mama, wa Kasaji kule. Anasaidia mama."

"Na nguo zangu?"

"Zingekuliwa na panya."

"Na jina langu? Nalo lingekuliwa na panya?"

Badibanga alipangusa uso. "Sikia, Ndaya. Kesho asubuhi bantu ya komisyo, bale ya kuandika nyumba, banakuya kuhakikisha majina kwa mara ya mwisho. Kama banakuta kelele kwa nyumba, banafuta namba. Banafutaka! Juzi balifuta kwa Kazadi juu ya bandugu balipigana tu. Unataka nyumba ya baba yako ipotee? Lala kwa Mama Mbayo. Kesho usitoke. Nikisha kupata karatasi ya nyumba, tutaongea yote."

Nyumba ilikuwa kweli ya baba yake. Mzee Kisimba aliipata kwa miaka thelathini na moja ya kuendesha mtambo, enzi kampuni ya zamani ilipowapa wafanyakazi wake nyumba, shule na unga. Badibanga aliingia humo na sanduku moja.

"Kadi yangu ya uchaguzi iko wapi?" Ndaya aliuliza. Ndiyo iliyokuwa kitambulisho chake, na alipokwenda Sandoa kutibiwa aliiacha. Badibanga mwenyewe ndiye aliyesema, iache, itapotea njiani.

"Iko pazuri," alisema mume wake.

*

Mama Mbayo, jirani, muuza sombe ya majani ya mihogo, alimpikia uji mwepesi na kumletea kwenye bakuli kubwa. Ndaya alichota vijiko vitano na kuweka kijiko chini.

"Ule, Ndaya."

"Nilisha kula. Tumbo langu walikata, walibakisha ya kiasi cha yai. Nikizidisha, yote inarudi."

"Mi sikatae. Lakini unajua bantu. Mama Mwadi mpaka leo anasema ulikataa sahani yake."

Ndaya alijua. Mwezi wa kwanza baada ya upasuaji, mama mkwe alimletea ugali wa bukari na samaki, mbele ya wageni, na yeye akakataa. Katika mtaa ule, anayekataa sahani anasema neno moja tu, na neno hilo ni sumu. Alijieleza hadi machozi yakamtoka. Si sumu, mama, ni tumbo. Si sumu. Mama Mwadi alifunika sahani yake, akaenda nayo, na tangu siku hiyo hakumletea hata kikombe cha maji.

Na tumbo lenyewe alilikata kwa ajili yao. Miaka tisa bila mimba. Daktari alisema uzito ndio unaozuia, na sukari ya damu, na ile tabia ya pumzi kukatika akiwa usingizini. Badibanga wakati huo alikuwa na pesa. Alisema, twende, mimi nitakuwa garde-malade wako, yule mtu anayekaa na mgonjwa, anayepika, anayemnunulia dawa, anayejibu daktari akiuliza.

"Sandoa ulifanya nini, ukapona?" Mama Mbayo aliuliza. "Hapa ulitoka kwa kubebwa. Badibanga alituambia hautamaliza mwezi."

"Miguu ilikufa. Macho yaliona bantu babili-babili. Nilipofika Sandoa, kaka yangu alinipeleka kwa infirmier moja, muuguzi, Tshilombo. Alitaka kunitia serumu ya sukari kwa mushipa. Nikamuambia, tata, soma kwanza hii." Ndaya aligusa kiuno, mahali alipofunga karatasi za kliniki ndani ya mfuko wa nailoni. "Elise, yule infirmière wa kliniki, njo alinifundisha. Alisema, mama, usitupe hii karatasi hata siku moja. Ukienda hospitali yoyote, ionyeshe mbele ya kufungua kinywa. Hakuna daktari atajua tumbo lako ni la namna gani. Basi Tshilombo alisoma, akaacha serumu. Akasema hii mwili imekosa vitamini, na ile sukari peke yake ingeniharibu kichwa. Alinidunga vitamini siku kumi. Nikasimama."

"Lakini vitamini si walikupatia Lubumbashi?"

"Walinipatia za miezi mitatu. Zilipokwisha, Badibanga alisema daktari alisema zinatosha."

Mama Mbayo aligeuka na kumwangalia vizuri.

"Alisikia vibaya," Ndaya alisema. "Ile siku walisema maneno mingi, yote kwa Kifaransa. Mi nilikuwa nalia. Angeshika yote namna gani?"

Jirani alichukua bakuli na kuanza kumalizia uji yeye mwenyewe, kwa sababu hakujua mikono yake aiweke wapi. Mwishowe alisema alichokuwa anakizuia tangu mchana.

"Ndaya, huyu mutoto wa Kasaji iko na mimba. Na wiki jana alisimama mbele ya komisyo na kadi yako mukononi. Balimupiga picha. Kwa kadi, ile sura yako ya zamani, unene ule, mashavu yale... Hata mi, kama ningekuwa sikujue, ningesema njo ye."

*

Komisyo ilikuwa watu wawili, meza moja na turubai lililofungwa kati ya mlingoti wa umeme na ukuta wa nyumba 216. Tshibangu, karani, alikuwa mwembamba na mkali, kalamu tatu mfukoni. Latifa, msaidizi wake, alivaa mtandio mweupe na kushika rejista. Nyuma yao katapila ilikuwa imezimwa, dereva wake anakula karanga.

"Deux cent dix-sept! Mia mbili kumi na saba!"

Badibanga alisogea, shati limepigwa pasi. Mignonne alikuwa kando yake kwenye kitenge cha samaki wa bluu. Mama Mwadi alisimama nyuma yao.

"Badibanga, mwenye kaya. Ndaya Kisimba, muke. Kadi?"

Mignonne alitoa kadi. Tshibangu aliangalia picha, akaangalia uso, akainua muhuri.

"Hiyo kadi ni yangu," Ndaya alisema.

Watu waligeuka. Alikuwa ametoka kwa Mama Mbayo akitembea polepole, mkono mmoja ukutani, na wengine walimwangalia bila kumfahamu. Wengine walimfahamu na kuangalia chini. Wote walikuwa na namba ukutani, na hakuna aliyetaka namba yake iguswe.

"We ni nani, mama?"

"Mi njo Ndaya Kisimba. Baba yangu njo alipewa hii nyumba."

Tshibangu aliinua kadi karibu na uso wake, kisha akacheka kidogo, si kwa ubaya, kwa uchovu. "Mama, huyu wa kwa picha anaweza kukubeba kwa mugongo."

Watu walicheka. Dereva wa katapila naye alicheka.

"Nilipasuliwa tumbo. Nilikonda."

"Kila siku napata mutu wa namna hii," Tshibangu alisema. "Juzi kulikuwa na mmoja, alikuwa na ndevu na anasema ye njo mujane wa nyumba mia na arobaini." Akamgeukia Badibanga. "Tata, unamujua?"

Badibanga aliangalia namba ukutani, kama mtu anayehakikisha bado ipo. "Ni wa ukoo ya muke yangu," alisema. "Alikuwa mugonjwa. Kichwa hakiko bien, hakiko sawa."

Ndaya alikuwa amejitayarisha kwa matusi. Alikuwa amejitayarisha kwa kelele, hata kofi. Hakujitayarisha kwa sauti ile ya upole.

"Mama Mwadi," alisema. "Sema we. Miaka tisa nimekuogesha mugongo."

Mama mkwe alifunika macho na kiganja kama anayezuia jua. "Macho yangu haioni tena bien," alisema.

"Mi namujua!" Mama Mbayo alipiga kelele kutoka nyuma. "Ni ye! Ni Ndaya!"

"Shahidi sichukui," Tshibangu alisema. "Huku mutu mmoja alikuwa shahidi wa nyumba kumi na moja. Nataka karatasi. Mama, uko na karatasi, ao niite askari?"

Ndaya alifungua fundo kiunoni. Vidole vyake bado vilikuwa na ganzi, na fundo lilikataa. Mstari mzima ulingoja. Mwishowe alilikata kwa meno.

Zilikuwa kurasa nne, zimekunjwa hadi mikunjo imekuwa matundu. Latifa ndiye aliyezipokea. Alizinyoosha juu ya rejista, akaanza kusoma kimya, kisha akasimamisha kidole.

"Chef. Jina ni Ndaya Kisimba. Na namba ya kadi iko hapa." Alizilinganisha tarakimu moja moja. "Ni hii hii."

"Anaweza kuwa aliiba karatasi kama vile..." Badibanga alianza.

"Nyamaza, tata. Latifa, soma."

"Ni ya mambo ya hospitali, chef. Ya siri."

"Soma," Ndaya alisema. "Siri yangu balisha kuivaa."

Latifa alisoma kwa sauti, akigeuza Kifaransa kuwa Kiswahili, akisimama penye maneno magumu. Kwamba mgonjwa ana kilo mia moja thelathini na nane, ana sukari, pumzi inakatika akilala. Kwamba mambo hayo yanaongeza hatari ya upasuaji. Kwamba mshono wa ndani unaweza kuvuja. Kwamba damu inaweza kuganda miguuni na kupanda hadi mapafu. Kwamba mgonjwa anaweza kutapika miezi mingi, akazirai baada ya kula kitu kitamu, akapata mawe ya nyongo, nywele zikadondoka. Hapo watu waliangalia kichwa cha Ndaya, naye akaacha wakiangalie. Kwamba asipopata vitamini, miguu inaweza kufa, macho yakaona vibaya, akili ikapotea, na asipotibiwa upesi asirudi tena alivyokuwa.

"Vitamini," Latifa alisoma, "kila siku, maisha yote. Kuziacha ni hatari ya kifo. Hatari kubwa zaidi ni ya mgonjwa asiye na mtu wa kumfuatilia. Haya yote garde-malade ameelezwa kwa lugha anayoielewa." Akageuza ukurasa. "Chini kuna maandishi ya mukono. Lu et approuvé. Badibanga, mume."

"Hiyo maana yake nini?" Ndaya aliuliza.

"Nimesoma, nimekubali."

"Aliandika ye mwenyewe? Si mashine?"

"Ni kalamu, mama. Ya bluu."

Ndaya alichukua karatasi. Hakujua kusoma Kifaransa, lakini mwandiko ule aliujua. Ile R yenye mkia, ilikuwa kwenye barua zote alizomwandikia kabla ya kuoana. Aliangalia mkia ule kwa muda. Maisha yote. Daktari alisema zinatosha. Miezi mingapi alikuwa ameketi mbele ya watu, hapa na Sandoa, akisema, alisikia vibaya?

"Ukurasa wa mwisho," Latifa alisema polepole, "unasema upasuaji ulipitia matundu matano ya tumbo. Kuna mchoro."

Tshibangu aliweka kalamu chini. Aliangalia wanawake wawili, mnene na mwembamba, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo hakuonekana kuchoka.

"Latifa, ingia nao ndani."

*

Ndani kulikuwa na harufu ya mafuta ya nywele yasiyokuwa yake. Kitanda kilikuwa kimesogezwa. Latifa alifunga mlango na kugeuza uso kidogo, kwa heshima.

Ndaya aliinua blauzi. Ngozi ya tumbo ilikuwa imelegea, imening'inia kama kitambaa kilicholowa, na ndani ya mikunjo yake kulikuwa na makovu matano, kila moja refu kama punje ya mchele. Latifa aliyahesabu kwa kidole bila kugusa.

"Na we, mama."

Mignonne hakutikisika. Alikuwa ameshika kitenge kifuani kwa mikono miwili, na machozi yalikuwa yanadondoka juu ya samaki wa bluu.

"Hapana," alisema. "Hapana, nitasema tu. Mi si Ndaya. Mi ni Mignonne, wa Kasaji." Akamgeukia mwenye nguo. "Yaya, aliniambia ulikufa. Aliniambia ulikufa Sandoa na kwamba bakijua umekufa, ukoo yako itakuya kunyanganya nyumba. Alisema, vaa nguo zake tu mpaka tupate karatasi. Mi sikujue. Jana niliuliza huyu mama ni nani, akasema ni kichaa."

Kitenge kilikuwa kimelegea. Tumbo lilikuwa laini, la mviringo, linang'aa, bila hata alama moja. Lilikuwa la miezi sita, labda saba. Kitu kilisogea chini ya ngozi, kutoka kushoto kwenda kulia, kisha kikatulia.

Ndaya alikuwa amekata tumbo lake kwa ajili ya kitu kile. Aliangalia hadi alipoona ameangalia vya kutosha. Kisha akanyoosha mkono, akavuta ncha ya kitenge na kumfunika yule kijana, akaikaza vizuri, kwa sababu fundo alilolifunga lilikuwa baya na nje kulikuwa na wanaume.

"Umri gani?"

"Ishirini na mbili, yaya."

"Karatasi za mimba, unasomaga mwenyewe, ao anakusomea?"

Mignonne hakuelewa. "Ananisomea," alisema.

"Tafuta mwingine," Ndaya alisema.

*

Walipotoka, Latifa alisema neno moja kwa Tshibangu, na Tshibangu akapiga mstari juu ya picha ya wiki iliyopita. Mstari ulikuwa mnene, na karatasi ilitoboka.

"Mi nilijua atakufa!" Badibanga alisema. Hakuwa tena na ile sauti ya upole. Alikuwa anasema na mtaa mzima. "Kila mutu alijua! Depo imefunga, pesa hakuna, muke hasimami, na bale banaandika majina siku tatu tu! Ningefanya nini? Ningeandika maiti? Ningeacha nyumba ipotee? Mi nilijua atakufa!"

"Ulijua," Ndaya alisema, "kwa sababu ulisoma."

Dereva wa katapila alikunja mfuko wake wa karanga.

Tshibangu alikohoa na kufungua ukurasa mpya. Nyumba ilikuwa ya Kisimba, alisema, kwa hiyo inakwenda kwa mtoto wa Kisimba. Aliandika jina. Alimpiga picha mpya, jua likimpiga usoni, nywele zake chache zimesimama.

"Bantu wengine wa kaya?" aliuliza. "Bwana? Mama mukwe? Sema mama, niandike. Wasioandikwa hawapandi gari la kuhamisha."

Badibanga aliangalia chini. Mama Mwadi alikuwa ameondoka mbele ya meza. Alionekana anaingia jikoni.

Ndaya alisimama na mkono juu ya meza. Alijua wote wanangoja kusikia kama ana huruma.

"Andika mutu moja," alisema.

"Moja?"

"Moja, tata. Mi peke yangu."

Tshibangu aliandika. Kisha akasukuma karatasi tatu na kalamu. "Weka sahihi hapa chini. Na juu yake uandike Lu et approuvé. Latifa atakuonyesha herufi."

Ndaya hakuchukua kalamu. "Mama Latifa, unisomee."

"Yote? Ni kurasa tatu. Wote husaini tu."

"Yote. Na hii mistari midogo ya chini."

"Mama, kuna nyumba arobaini nyuma yako," Tshibangu alisema.

"Bangoje. Mi nilingoja."

Latifa alisoma. Jua lilipanda juu ya turubai, watoto wakaketi chini, mtu wa 218 akatukana kidogo na kunyamazishwa na Mama Mbayo. Palipokuwa na neno asilolielewa, Ndaya alisema rudia, na Latifa akarudia. Ilipokwisha, Ndaya alishika kalamu kwa vidole vyake vya ganzi na kunakili herufi moja moja, kubwa, zimepinda. Zilijaza mstari na kushuka hadi kwenye mstari wa pili. R yake haikuwa na mkia.

Alipoinua kichwa, Mama Mwadi alikuwa mbele yake.

Alikuwa ameshika sinia. Juu yake kulikuwa na bukari ya moto, sombe, na samaki mzima, na kopo la maji ya kunawa. Alikuja nayo mbele ya wote, akapiga magoti kidogo, mwanamke wa umri ule, akafungua mfuniko ili mvuke utoke na kila mtu aone.

"Mwanangu," alisema, kwa sauti ya kusikika. "Umetoka safari ya mbali. Mambo iliyopita, ipite. Kula kwa mukono yangu, kidogo tu. Hata tonge moja. Tunajua tumbo lako ni la ugonjwa."

Alikuwa amemwachia mlango. Ndaya angeweza kusema ni tumbo, si sumu, na wote wangeamini, kwa kuwa walikuwa wamesikia karatasi ikisomwa kuanzia juu hadi chini. Angeweza pia kula tonge dogo. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu miezi mingi, alisikia njaa ya kweli.

Alinawa mikono yote miwili, polepole, hadi maji ya kopo yakaisha. Aliikausha kwenye blauzi yake. Kisha akachukua mfuniko na kuurudisha juu ya bukari.

"Hapana, mama," alisema. "Leo tumbo liko bien."